Waya wa Nyungwe Usiwe wa Wageni Tu

Tangu mwanzo wa muhula huu kuna neno moja linalozungumzwa katika bweni la kidato cha sita kuliko mitihani yenyewe, nalo ni safari yetu ya kuagana. Kama ilivyo desturi, wanaomaliza shule huchanga fedha wakaenda mahali pamoja kabla ya kutawanyika. Safari hii wengi wametaja msitu wa Nyungwe, na hasa ule waya mrefu uliofunguliwa mwaka 2025, ambao mtu hufungwa mikanda akateleza angani juu ya miti, toka upande mmoja wa bonde hata upande wa pili. Wageni huuita ziplaini. Mimi nitauita waya wa kuteleza, kwa kuwa ndivyo ulivyo. Wengine wanasema huo ni upuuzi mtupu, afadhali twende Kigali tukaone majumba na viwanja. Ubishi umekuwa mkali, hata kiranja wa bweni amelazimika kuzima taa mapema mara mbili. Naomba nafasi katika gazeti letu niseme nionavyo, nao wenye maoni mengine wajibu katika toleo lijalo.

Nasema hivi: twende Nyungwe, na waya tuupande. Lakini twende kama wenyeji wa msitu ule, wala si kama watu waliokwenda kununua kelele za dakika chache. Tena nasema kwamba wa kwanza kupewa nafasi wawe wale waliozaliwa ukingoni mwa msitu, ambao mara nyingi wazazi wao ndio wenye uwezo mdogo wa kulipa. Nitajibu kwanza hoja tatu za wanaopinga, kisha nitaeleza kwa nini jambo hili si mchezo.

Hoja ya kwanza ni hatari. Wenzetu huuliza, je, waya ukikatika? Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu lisilo la mzaha. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Waya wa namna hii si uzi mmoja, bali ni nyuzi nyingi za chuma zilizosokotwa pamoja. Juu yake hupita kapi, yaani magurudumu yenye mfuo, ndugu wa lile tulilolichora katika daftari za fizikia. Mtu huvaa kofia ngumu, akafungwa mikanda kiunoni na mapajani, na mikanda hiyo hushikizwa kwenye kapi kwa pete za chuma zenye mlango unaofungwa usiweze kufunguka wenyewe. Kisha huwekwa kishikizo cha pili cha akiba, ili kimoja kikikosa kingine kishike. Hapana injini wala petroli. Kinachomvuta mtu ni mlima wenyewe, maana mahali pa kuanzia pako juu kuliko mahali pa kufikia.

Mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha kwamba kitu kikishuka hupata mwendo kwa kadiri ya kimo kilichoshukiwa, wala uzito haubadilishi neno. Mtu akishuka kimo cha meta 20 pasipo kizuizi chochote angefikia mwendo wa karibu kilometa 71 kwa saa, awe mnene au mwembamba. Lakini juu ya waya kizuizi kipo: hewa humkinza mtu, na magurudumu husuguana na chuma. Kizuizi hicho humwelemea mwembamba kuliko mnene. Kwa hiyo mnene hufika kwa kishindo, na mwembamba huenda akakwama kabla ya kufika, akabaki ananing'inia kama nguo kambani mpaka mwongozaji aje kumvuta. Ndiyo sababu uzito huulizwa kabla ya safari, tena ndiyo sababu pana breki mwishoni. Mtu aliyekaa juu ya waya mara moja hawezi tena kusema kwamba masomo ya darasani hayana kazi duniani.

Waongozaji nao wana utaratibu wao. Mmoja hutangulia kwenda kupokea watu ng'ambo, mwingine hubaki kuwafunga na kuwaruhusu. Hukuambia uegemee nyuma, ukunje miguu, wala usishike waya mbele ya kapi, maana vidole vyaweza kusagwa. Radi ikisikika au upepo ukizidi, kazi husimama, hata kama mtu amekwisha kulipa na amekasirika. Wala hapana upendeleo. Mkurugenzi hukaguliwa mikanda sawasawa na mwanafunzi, kwa kuwa waya haujui cheo. Sisemi kwamba hatari haipo kabisa. Nasema kwamba ipo zaidi katika uzembe wa mkono kuliko katika chuma, na kwamba mahali ambapo mkono unakaguliwa na mwingine, hatari imepunguzwa. Wengi wetu kila likizo hupanda pikipiki za abiria, tukapita kona za milimani katika mvua, wala sijamsikia hata mmoja akiuliza habari za breki.

Hoja ya pili ni fedha. Hapa wapinzani wangu wana haki kubwa, nami sitaki kuifunika. Mwenyeji hutozwa pungufu kuliko mgeni wa mbali, lakini hata hiyo pungufu si kidogo kwa mzazi anayelima viazi na kulipa karo ya watoto watatu. Tena ni fedha ya siku moja. Lakini yafaa tuulize fedha hiyo inakwenda wapi. Tangu mwaka 2005 sehemu ya mapato ya utalii katika hifadhi za taifa za nchi yetu hutengwa kwa ajili ya watu wanaokaa kandokando ya hifadhi hizo. Mwanzo ilikuwa 5 kwa 100, na mwaka 2017 ikaongezwa ikawa 10 kwa 100. Kwa fungu hilo yamejengwa madarasa, zahanati na mabomba ya maji. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi kiingilio cha Nyungwe si fedha iliyotupwa bondeni. Sehemu yake hurudi vilimani. Shida iliyobaki ni kwamba asiye na uwezo hawezi kuingia, na hiyo nitaitafutia dawa mbele.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Mwenzangu mmoja mwenye akili alisema: "Kuteleza juu ya msitu kwa kasi hakufundishi mtu habari za msitu. Utapiga kelele, mbega watakimbia, nawe utarudi hujui hata jina la mti mmoja." Namjibu kwamba kwa nusu amesema kweli. Anayefika, akafungwa, akateleza, akapigwa picha akarudi kwenye gari, huyo amenunua upepo. Lakini tazameni asili ya jambo lenyewe. Watu wa milimani huko Asia walivuka mito kwa kamba za kuteleza tangu zamani, kwa kuwa hawakuwa na daraja; kwao haukuwa mchezo. Kisha katika miaka ya 1970, huko Costa Rica, mtaalamu wa viumbe Donald Perry alitumia kamba kupanda na kutembea kati ya vilele vya miti, kwa sababu viumbe wengi wa msitu hukaa juu, mahali ambapo mtu wa chini haoni. Ni baadaye, katika miaka ya 1990, ndipo wafanya biashara wa nchi ile walipoanza kuwatelezesha watalii. Kamba iliingia msituni kwa ajili ya elimu kabla ya kuingia kwa ajili ya burudani. Ni juu yetu kuirudisha kwenye kazi hiyo.

Kwa hiyo naweka sharti: kwanza tutembee, ndipo tuteleze. Asubuhi tufuate njia za miguu pamoja na mwongozaji. Tupite lile daraja la kuning'inia la Uwinka, lililofunguliwa mwaka 2010, lenye urefu wa kiasi cha meta 160, ambalo juu yake mtu husimama sawa na vilele vya miti akaweza kutazama kwa utulivu. Mchana ndio uwe wa waya, nao una vipande vitatu ambavyo kwa jumla vinakaribia kilometa mbili. Atakayepita juu baada ya kutembea chini atajua ni nini anachokipita. Na kelele tuziache nyumbani. Mbega hawakulipwa ili watusikilize.

Sasa, msitu huo ni kitu gani? Nauliza kwa sababu nimegundua kwamba baadhi yetu tunajua urefu wa mto Amazon kuliko mambo yaliyo mlangoni petu. Nyungwe ina zaidi ya kilometa za mraba 1,000 za milima iliyofunikwa na miti, kusini magharibi mwa Rwanda. Ilitengwa kuwa msitu wa akiba mwaka 1933, wakati wa Wabelgiji, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na mwaka 2023 UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia. Ndani yake mna sokwe, na mna mbega ambao hutembea makundi ya mamia, jambo lisiloonekana kwa urahisi mahali pengine. Mna muyove, mti mrefu wa jamaa ya mkangazi, na mna umushishi wenye maua mekundu ambayo ndege aina ya chozi huja kunyonya utamu wake.

Zaidi ya hayo, mgongo wa milima ile ndio unaogawa maji ya Afrika. Tone la mvua likianguka upande wa mashariki huingia Rukarara, likafika Nyabarongo, likafuata Akagera mpaka Ziwa Victoria, na mwisho wake ni Misri. Tone jirani yake likianguka upande wa magharibi huenda Rusizi, Ziwa Tanganyika, kisha mto Kongo mpaka bahari ya Atlantiki. Mwaka 2006 wasafiri waliopanda mto Nile toka baharini walitangaza kwamba chimbuko lake la mbali kabisa limo humo Nyungwe. Nani kati yetu amekwisha kuliona? Watu walisafiri maelfu ya kilometa kulitafuta, na sisi basi la asubuhi linatufikisha.

Mimi nimezaliwa katika kilima kinachopakana na msitu ule, kwa hiyo hili linalofuata nalisema kwa kujua. Babu yangu aliingia humo kutafuta asali. Alifukiza nyuki kwa moto, kama walivyofanya wenzake, na moto wa namna hiyo ndio mara nyingine ulioponyoka ukateketeza miti. Baadaye ilikatazwa, na katazo hilo lilikuwa na sababu. Lakini sisi watoto hatukuambiwa sababu, tuliambiwa tu, "Usivuke mashamba ya chai, utakamatwa." Basi msitu ukawa kwetu kama ua la mtu mwingine. Tuliusikia usiku, tuliona ukungu wake asubuhi, tukaona magari ya wageni yakipanda, wala hatukujua wanakwenda kutazama nini. Wengi wanaotoka vilima hivyo, hata hapa shuleni, hawajaingia Nyungwe kwa njia ya halali hata siku moja.

Likizo iliyopita nilipata bahati ya kuingia pamoja na vijana wa parokia. Tulitembea, kisha tukateleza. Sekunde za kwanza macho hufumba yenyewe. Ukiyafumbua waona miti chini yako imesongamana kama kabichi shambani. Ilikuwa furaha, sikatai. Lakini kilichonishika moyo kilitokea kabla ya hapo, njiani, tuliposimama juu ya mgongo wa mlima. Mwongozaji alinyosha mkono akatuonyesha mahali chai inapokoma na msitu unapoanza, nami nikaona mabati ya shule yangu ya msingi yakimetameta. Miaka kumi na tisa nilikuwa nimeuona msitu toka nyumbani. Siku ile niliona nyumbani toka msituni. Nikafahamu kwamba maji tunayochota yanatoka kule, na kwamba kilima chetu na msitu ule ni kitu kimoja kilichokatwa kwa mstari.

Hilo ndilo ninalolitaka kwa wenzangu. Sheria yaweza kumzuia mtu asikate mti mchana, mbele ya askari. Lakini usiku, na porini, kinachomzuia ni moyo wake, na moyo haupendi kitu usichokijua. Tembo wa mwisho aliyejulikana katika Nyungwe aliuawa mwaka 1999. Walioishi karibu yake walimjua kama mharibifu wa mashamba, au kama nyama na pembe. Mtu wa kumjua kwa namna nyingine hakuwapo, au alikuwa mbali mno. Ikiwa watoto wa vilimani wataendelea kukaa nje ya msitu wakati wageni wa ng'ambo wanapita juu yake wakicheka, tusishangae siku moja wakisema, "Ule ni wa Wazungu, na uwaharibikie wao."

Tena kuna habari ya kazi. Yule mwongozaji wetu alikuwa kijana wa upande wa Kitabi. Aliujua kila mti kwa jina la Kinyarwanda na kwa jina la kitaalamu. Asubuhi ile alisema Kifaransa na watu wawili, Kiingereza na mmoja, kisha akageukia jamaa waliotoka Mombasa akasema nao Kiswahili, nao wakamchangamkia kama ndugu. Nikawaza: huyu anafanya kazi ya mwalimu, ya balozi na ya mlinzi wa roho za watu kwa wakati mmoja, na sisi shuleni twaiita kazi ya kutembeza Wazungu! Kila mtu hapa ataka ofisi ya Kigali yenye kiti cha kuzunguka. Penye miti hapana wajenzi. Pale Kitabi, ukingoni mwa msitu, pana chuo kinachofundisha uhifadhi na utalii. Wenye kupenda biolojia, jiografia na lugha wafikirie huko, wala wasiseme ni mahali pa waliokosa pengine. Na wanaodharau somo la Kiswahili wakumbuke kwamba tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya nchi yetu, na kwamba jirani zetu wa Kenya, Tanzania na Kongo nao ni wageni wenye fedha zao. Kenya wana waya wao katika msitu wa Kereita, na Uganda wana wa kwao Mabira; mgeni atakwenda pale anapopata maelezo mazuri.

Basi natoa maombi mawili. Kwenu wenzangu wa kidato cha sita: tutakapopiga kura, tuchague Nyungwe, na katika hesabu yetu tuandike kwanza matembezi, kisha waya. Asiyetaka kuteleza asilazimishwe wala asichekwe. Atatungojea ng'ambo, naye atakuwa ameona msitu. Kwenu ndugu wakubwa wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani: twawashukuru kwa jezi na mipira mnayotuletea kila mwaka siku ya mechi. Mwaka huu, badala ya makreti ya soda, lipeni viti vya wanafunzi wanaotoka parokia zinazopakana na msitu, ambao majina yao mkuu wa shule anayajua. Soda huisha kabla ya filimbi ya mwisho. Kijana aliyeuona msitu kwa macho yake na kuambiwa sababu za ulinzi wake atarudi kilimani akawaeleza wadogo zake, na huenda mmoja wa hao ndiye atakayewafunga mikanda watoto wenu watakapokuja kuteleza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita